Linki si bango la kubandika popote

Katika miji kama Goma, Bukavu, Beni na Bunia, vijana wengi wanatafuta wateja kwa njia ya intaneti. Wanafungua tovuti ya nguo, ya simu, ya kazi ya useremala. Kisha wanaojiita wataalamu wanawaambia: ili Google iwatambue, wabandike linki yao chini ya kila habari iliyoandikwa na wengine. Wapo wanaolipa dola kwa kazi hiyo. Ni pesa inayopotea, na wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita.

Shauri hilo limepitwa na wakati. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1998, Google huhesabu linki kama udhamini: tovuti nyingine ikikutaja, ni kama jirani amesema anakufahamu. Watu wakaanza kujidhamini wenyewe, wakimwaga linki zao katika maoni ya wasomaji. Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zikatangaza alama ya kuiambia mashine isihesabu linki iliyoachwa na mgeni. Leo programu nyingi za tovuti huweka alama hiyo zenyewe. Mwaka 2012 Google ikaleta badiliko lililoitwa Penguin, la kushusha tovuti zinazokusanya linki kwa hila. Kwa hiyo anayebandika hovyo hapandi. Anaweza hata kushuka.

Lakini hasara kubwa iko kwa msomaji. Chini ya habari za vita, watu huulizana: nani amemwona mtoto huyu, barabara imefunguliwa, chakula kinagawiwa wapi? Linki kumi za biashara zikiingia hapo, tangazo la mama anayetafuta mwanawe linasukumwa chini, halionekani tena. Aliyenunua mega kidogo kwa franka zake za mwisho anazimaliza kwa kufungua ukurasa wa viatu.

Tena macho yakishazoea linki za watu wasiojulikana, tapeli naye anapata mlango: “Jiandikishe hapa upate msaada, tuma kwanza pesa ya faili.” Familia zijue kwamba kutafuta ndugu aliyepotea kupitia Msalaba Mwekundu ni bure. Anayedai pesa kwa jina lake ni mwizi.

Wenye tovuti na wasimamizi wa vikundi wafute linki za namna hiyo bila kuona haya, na waache nafasi kwa wanaotafutana. Mfanyabiashara naye ana njia ya halali: aandike bei zake wazi, mahali alipo na saa anazofungua, kisha aombe parokia, shule au ushirika anaoufanyia kazi umtaje kwenye ukurasa wake. Linki moja kutoka kwa anayekufahamu ina uzito kuliko mia ulizozibandika usiku. Udhamini hupewa, haubandikwi kwenye ukuta wa wenye msiba.