Vumbi la asbestosi lingali laua Uingereza

INGAWA Uingereza ilipiga marufuku asbestosi mwaka wa 1999, madini hayo yangali yanaua takriban watu 5,000 nchini humo kila mwaka. Nyuzi zake zikishavutwa hadi mapafuni, saratani huweza kuchukua miaka 30 au zaidi kabla ya kujitokeza.

Sayansi haiwezi kulaumiwa. Mnamo 1898 mkaguzi wa viwanda, Bi Lucy Deane, aliandika kuhusu madhara ya vumbi hilo, lakini ripoti yake haikuzaa sheria yoyote. Mnamo 1930 wataalamu wa serikali, Merewether na Price, waliripoti kuwa walikuwa wamewapima wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbestosi na kugundua kwamba robo yao tayari walikuwa na makovu mapafuni. Kanuni zilizotungwa mwaka uliofuata zililenga viwandani. Seremala na fundi wa umeme, ambao baadaye wangeikata asbestosi kila siku majumbani mwa watu, hawakukumbukwa. Ilikuwa bidhaa rahisi, isiyoshika moto, na wenye viwanda walikuwa na sauti.

Hadi leo imo katika shule na hospitali nyingi, na sheria haimlazimishi mwenye jengo kuiondoa mradi haijaharibika.