'Ajali Haina Kinga' Si Hoja ya Mwenye Hoteli

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hii ni ya kumliwaza aliyefikwa na msiba, lakini wenye hoteli wengi wameigeuza ngao yao. Mgeni huteleza kwenye vigae vilivyopigwa deki wakati wa chakula cha mchana, akavunjika nyonga, naye meneja humwambia kuwa ni bahati mbaya tu. Aghalabu mambo huishia hapo, na gharama za hospitali zikawaelemea jamaa zake.

Mimi nashikilia kwamba maanguko ya namna hii si majaaliwa. Sakafu haikuloa yenyewe, wala taa ya ngazini haikukosa balbu kwa hiari yake.

Sheria yetu haina kigugumizi kuhusu jambo hili. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya wenye kusimamia majengo, yawataka wachukue hadhari ifaayo ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Kibao cha onyo peke yake hakimwokoi mwenye hoteli, ila kiwe kimemwezesha mgeni kujiepusha na hatari. Kibao kilichofichwa nyuma ya mlango kina faida gani? Walimu wanaosafiri na wanafunzi nao wajue kuwa sheria iyo hiyo yamtaka mwenyeji atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Isitoshe, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chawapa watumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kulindiwa afya na usalama wao.

Je, kila aangukaye alipwe? La hasha. Mdai sharti athibitishe kuwa mwenye hoteli alizembea. Mgeni akimbiaye ngazini ana fungu lake la lawama, na mahakama huweza kumpunguzia fidia kwa kadiri hiyo. Tena dai la uzembe sharti lifikishwe mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, kwa hivyo aliyeumia asilale akingojea huruma.

Linaloniudhi zaidi ni desturi ya kumtwika mfagiaji lawama yote. Kijana aliyeamriwa apige deki saa saba mchana, wageni wakiwa wamefurika, hakujipangia saa hiyo. Mwajiri ndiye wa kujibu kwa uzembe wa mtumishi wake akiwa kazini. Asimfute kazi kisha akanawa mikono.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atajigambaje kuwa amepona ilhali mgeni wake anatolewa kwa machela? Kitambaa kikavu, balbu ya ngazini na chuma cha kushikilia bafuni havimfilisi mwenye hoteli yeyote. Avinunue leo, kabla hajaagizwa na hakimu kununua mguu wa mtu.