KADARI IMEMKATA VIDOLE, MSHAHARA KAMKATA NANI?



Ndugu yangu unayesoma, Ijumaa iliyopita baada ya swala nililetewa karatasi niitangaze msikitini. Kijana wa huku kwetu Mbagala, mashine ya kiwandani imemkata vidole viwili, yuko ndani wiki ya sita, mwenye nyumba anadai kodi, waumini tumchangie. Nikauliza swali moja tu: bosi wake anasemaje? Nikajibiwa kuwa bosi ni mtu mwema sana, kampelekea mchele na mafuta ya kula. Mshahara ndio kausimamisha, kwa kuwa "hayupo kazini".

Nikaitangaza karatasi, maana watoto hawashibi kwa hoja zangu. Lakini wallahi moyo uliniuma. Yule bosi tunamjua, ni wa safu ya mbele, na Ramadhani hutufuturisha. Tulichofanya siku ile ni kuchukua mia tano tano za mama lishe na wabeba mizigo tukalipa deni la tajiri.

Ndiyo, nimesema deni. Mchele hauna ubaya, ubaya ni mchele kukaa mahali pa mshahara. Sadaka unatoa kwa hiari yako na unashukuriwa. Haki ya mtu hushukuriwi kwa kuitoa, ila utaulizwa ukiizuia.

Utaniambia: "Sheikh, ujira ni wa kazi, na huyu hakufanya kazi." Hoja hiyo ina asili katika fiqhi, sitaipuuza. Lakini Waislamu wanafungwa na masharti waliyokubaliana, na Surat Al-Maida inaanza kwa kuwaamuru walioamini watimize mikataba. Ulipoajiri Tanzania uliajiri chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, alimradi alete cheti cha daktari. Akiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unaogharamia matibabu na kumlipa asilimia 70 ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi. Mchango wa Mfuko ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwa mfanyakazi hata shilingi.

Njia hizo zimewekwa ili mtu asikae bila kitu. Bosi wetu hakulipa mshahara wala hakupeleka taarifa kwenye Mfuko. Alipeleka mchele.

Wengine hujificha nyuma ya kadari. "Mungu ndiye aliyepanga." Naam, tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini kikingio cha ile mashine kilitolewa ili kazi iende haraka, na aliyeamuru kitolewe ana jina. Usimsingizie Allah maamuzi ya afisa utumishi wako.

Ikumbuke habari ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, iliyomo katika Sahih Bukhari. Mmoja wao aliomba kwa amali gani? Hakutaja tahajudi. Alikuwa na kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake, akaufanyia biashara mpaka ukawa mifugo, na siku yule mtu aliporudi kudai alikabidhiwa yote. Jiwe likasogea. Sisi leo kibarua yupo Mbagala, simu yake inaita, na hatupokei! Na katika Bukhari hiyo hiyo Allah anasema atakuwa hasimu Siku ya Kiyama wa anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha asimpe ujira wake. Futari ngapi zitakutosha ukiwa na hasimu huyo?

Na wewe uliyeumia, uwe Temeke au Tandale, nani kakuambia subira ni kunyamaza? Kudai haki yako si utovu wa imani. Mjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi. Kila karatasi ya hospitali na kila ED itoe kopi. Madai ya Mfuko yana muda, miezi 12 tangu ajali. Mgogoro wa mshahara unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukifukuzwa kazi una siku 30 tu. Usiogope kwamba huna mkataba wa maandishi: mwajiri akishindwa kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. (Wewe unayenunua ED mtaani ili ukalale nyumbani, usidhani nimekusahau. Ni wewe unayefanya wagonjwa wa kweli wasiaminiwe.)

Kijana wetu mshahara wake ulisimama mwisho wa mwezi uliopita, siku 60 zake zinakwenda. Jumatatu asubuhi, inshaallah, mimi na wazee wawili wa msikiti tutaongozana naye, kwanza ofisi za Mfuko, kisha kwenye Tume. Bosi najua unanifuata humu, na namba yangu unayo. Leo ni Jumamosi.