Bibi harusi, unene si sifa tu

Tunapenda kumsifu bibi harusi kwa kunenepa, lakini mfuko wa uzazi hausikii sifa. Uzito ukipita kiasi, misuli yake huweza kukaza kwa ulegevu: uchungu hurefuka, uwezekano wa kupasuliwa huongezeka, na damu huweza kutoka nyingi baada ya kujifungua. Mwenzetu wa Milepa, bondeni Rukwa, akihitaji hospitali ya mkoa hupanda mlima hadi Sumbawanga, na uchungu haungoji gari. Kwa hiyo tunasema: kungwi amfundishe mwari na habari za mizani. Punguzeni soda na vya kukaanga kabla ya mimba. Mkishabeba msijinyime chakula, wahini kliniki. Mwili ni amana.