SEHEMU YA 6: Eti vita iliisha? Waulize kina mama wa Korea

Mama zangu, sehemu iliyopita tuliongea jinsi mtoto anavyohangaika akitenganishwa na mama yake wodini hata siku mbili tu. Leo tuwaongelee waliotenganishwa miaka 68.

Agosti 2018, mama wa miaka 92 kutoka Korea Kusini alimkumbatia mwanawe wa miaka 71 anayeishi Korea Kaskazini. Walipotezana wakati wa kukimbia vita, mtoto akiwa na miaka 4. Wakapewa siku 3, tena masaa machache kila siku, chini ya uangalizi. Baada ya hapo kila mtu kwao. Hakuna kupigiana simu, hakuna kuandikiana barua.

Na hao ndio wenye bahati! Kusini peke yake, watu zaidi ya 130,000 waliandikisha majina kutafuta ndugu zao. Kompyuta ilikuwa inachagua wachache kwa bahati nasibu. Wengi wa walioandikisha wameshafariki wakisubiri.

Halafu mtu anakwambia vita ya Korea iliisha 1953. Haikuisha! Tarehe 27 Julai 1953, pale Panmunjom, majenerali walisaini kusitisha mapigano tu. Serikali ya Kusini yenyewe haikusaini, Rais Syngman Rhee alikataa. Mwaka 1954 wakakutana Geneva kutafuta amani ya kudumu, wakaondoka mikono mitupu. Mpaka leo hakuna mkataba wa amani. Kilichopo ni ukanda wa kilomita 4 kwa upana, umekata nchi bahari hadi bahari, na mabomu yamefukiwa ardhini.

Sisi manesi tunajua: damu ikiacha kuvuja, mgonjwa bado hajapona. Huwezi kumpa ruhusa ya kwenda nyumbani na kidonda kiko wazi.

Sasa kuna hoja naisikia sana: "Wakubwa wamalizane kwanza mambo ya nyuklia na vikwazo, familia zitafuata." Hoja hiyo naikataa kabisa. Bibi wa miaka 90 hana muda wa kusubiri wakubwa. Na ukishafanya kumwona mama yako kuwa zawadi ya mazungumzo, basi kila wakigombana mlango unafungwa. Ndicho kilichotokea. Mazungumzo ya Kim Jong-un na Trump yalivunjika Hanoi Februari 2019, na tangu ile Agosti 2018 hakuna familia zilizokutanishwa tena. Januari 2024 Kim akatangaza Kusini ni adui, habari ya kuungana haipo.

Na sio Kaskazini tu. Hata Kusini sheria inakutaka utoe taarifa serikalini ukiwasiliana na ndugu yako wa upande wa pili. Wanasema ni usalama wa taifa. Jamani, barua ya "mama, bado niko hai" ina kombora gani ndani yake? Barua na kukutana vitangulie, visiwekewe masharti. Wakishazoeana watu, hata wakubwa watapata pa kuanzia.

Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari mapigano yamesitishwa, popote pale, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza: watoto wamerudi kwa mama zao?

Na wewe ambaye mama yako yuko hai na simu unayo, mpigie leo.

Sehemu ya 7 inakuja.