K.K. na B.K.: Herufi ndogo, fujo kubwa



Siku moja, kisha ibada, kijana mumoja alinifuata inje. Yeye anafundisha watoto wetu siku ya Mungu. Alishika kaye mukononi, na uso wake ulikuwa na huzuni.

"Baba Pasta, nimesoma kwa kitabu kama Yesu alizaliwa karibu mwaka 5 K.K. Namna gani Kristo azaliwe kabla ya Kristo? Ni Biblia inadanganya, ao ni kitabu?"

Nilimujibu: hakuna inayodanganya. Ni mwenye kuhesabu ndiye alikosa.

Watu wa Biblia hawakuhesabu miaka sawa sisi. Luka, sura ya 3, anahesabu kwa utawala wa Kaisari Tiberio, kama vile wazee wetu wanavyosema "wakati ya Union Minière". Halafu katika mwaka 525, kule Roma, mtawa mumoja jina lake Dionysius Exiguus alikuwa anatengeneza hesabu ya siku ya Pasaka. Hesabu aliyoikuta ilianza na utawala wa Kaisari Diocletianus, aliyetesa Wakristo. Dionysius alikataa kukumbuka mutesaji. Akahesabu tangu Bwana wetu. Kusudi lake lilikuwa nzuri, lakini alikosa miaka kidogo. Wataalamu wengi wanasema Herode alikufa mwaka 4 K.K., na Mathayo 2 inaonyesha kama Yesu alizaliwa Herode akiwa angali hai. Biblia yenyewe haikuandika namba ya mwaka ule hata mara moja.

Sasa ninyi mnaofundisha, mushike haya:

1. K.K. ni Kabla ya Kristo. B.K. ni Baada ya Kristo, maana yake tangu kuzaliwa kwake, si kisha kufa kwake. Wengi wanakosea hapa, na miaka 30 na zaidi inapotea.

2. Herufi zinafuata namba: 586 K.K., 70 B.K. Kwa Kifaransa ni 586 av. J.-C., 70 apr. J.-C. Usichanganye luga mbili kwa karatasi moja.

3. Miaka ya K.K. inashuka. Samaria ilianguka 722 K.K., kisha Yerusalema 586 K.K. Namba kubwa ndiyo ya zamani zaidi.

4. Hakuna mwaka 0. Kisha 1 K.K. inakuja 1 B.K. Basi tangu 586 K.K. mpaka 70 B.K., jumlisha: 656. Ondoa 1: miaka 655.

5. Miaka ya karibu haiombi herufi. Union Minière ilianza 1906, inatosha.

Juu ya nini kujisumbua? Hekalu la Yerusalema lilibomolewa mara mbili: 586 K.K. na watu wa Babeli, 70 B.K. na Waroma. Mutoto akiandika 586 bila herufi, anamuweka Nebukadneza nyuma ya mitume! Na kijana wetu, juu ya herufi mbili tu, karibu aache kufundisha.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watoto na kaye yake, akawaeleza yeye mwenyewe.

Tuandike herufi vizuri, wapendwa. Lakini imani yetu haisimami juu ya hesabu ya mtawa. Inasimama juu ya Yule aliyezaliwa.