KONA YA MWALIMU: Yule mtoto anayezubaa

Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe.

Muhula uliopita tuliwauliza watoto wa darasa la nne: kopo la mafuta ya mgao linaweza kufanya kazi gani? Wengi wakaandika haraka haraka: kutekea maji, kupimia unga, kutengeneza koroboi. Kijana mmoja alikaa tu anaangalia paa. Tukaona anatuchezea, tukamtoa nje. Kesho yake akaja na kopo limetobolewa chini kwa msumari, matundu madogo madogo. Eti la kumwagilia mchicha, maji yasifukue mbegu. Jamani, tuliona haya.

Kumbe hata wataalamu wanauliza maswali kama hilo. Mwaka 2018 Roger Beaty wa Marekani na wenzake walitoa utafiti wa watu 163. Kila mmoja alilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, huku akitafuta matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Kwa wale waliotoa mawazo mapya zaidi, mitandao mitatu ya ubongo ilikuwa imeunganika vizuri. Mtandao hapa siyo wa simu: ni sehemu za ubongo zilizo mbalimbali lakini zinafanya kazi pamoja. Mmoja ni wa kukumbuka na kuwaza mbali, nao unachangamka tukiwa tumetulia bila kazi, kama Marcus Raichle na wenzake walivyoeleza mwaka 2001. Mwingine ni wa kukaza akili na kupima: hili linafaa, lile hapana. Mara nyingi hiyo miwili inapishana, huu ukipanda ule unashuka. Wa tatu unachagua jambo la kushika na kuipokezanisha. Mtu anapobuni, yote inashirikiana.

Basi kuwaza peke yake hakukutoboa kopo. Kijana alipima pia ukubwa wa msumari.

Na tusidanganyane, mtoto anazubaa pia kwa njaa, kwa homa, au kwa yale aliyoyaona njiani tukikimbia. Sisi mashine hatuna. Tunachoweza ni kumwuliza pole pole, kabla ya kumfokea.

Siku hizi tunawapa dakika tano za kimya kabla ya kushika kalamu. Mama mmoja alikuja kuuliza kama tumeishiwa masomo. Tukamwonyesha lile kopo. Akaliazima, na mpaka leo hajalirudisha.